Naiandaa Safari ya Kisiwa cha Chai

Huu ni mwaka wa tatu tangu nianze kuweka akiba kwa ajili ya safari moja. Karani wa serikali hana mshahara wa kutapanya, na watu wakisikia kwamba karani ataka kwenda Asia kutembea, huuliza kwanza kama amepatwa na wazimu. Baba yangu mzazi, ambaye ni mkulima wa chai katika vilima vya Kisii, naye aliniuliza vivyo hivyo. Nilipomwambia kwamba nataka kwenda kuiona Sri Lanka, nchi iliyoitwa Ceylon hadi mwaka 1972, alitaka kujua kuna nini huko. Nikamjibu, "Baba, kuna chai." Akautazama mteremko wa shamba letu, kisha akasema, "Mwanangu, utatumia bei ya ng'ombe wawili ukatazame chai?"

Siku ile sikuwa na jawabu. Nimelitafuta katika vitabu na ramani, na nadhani nimelipata, ijapokuwa silo nililolitazamia. Basi leo napenda kuwaeleza jinsi safari hiyo inavyotayarishwa, na kile nilichokipata kabla hata sijafunga mzigo.

Nchi yenyewe

Sri Lanka ni kisiwa kilichoko kusini ya Bara Hindi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 65,610, yaani Kenya yaweza kuvimeza visiwa vinane kama hicho na bado ikabaki nafasi. Lakini watu wake wapata milioni 22. Walio wengi ni Wasinhala, wafuasi wa dini ya Buddha. Wako pia Watamil, ambao wengi wao ni Wahindu, na Waislamu na Wakristo. Nchi ilipata uhuru tarehe 4 Februari 1948. Iliungua kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1983 hadi 2009, na katikati ya vita hivyo, tarehe 26 Desemba 2004, bahari ilifurika kwa tsunami ikaua watu zaidi ya 30,000 kisiwani humo. Wimbi hilo hilo lilivuka bahari likafika hata pwani yetu.

Wala uhusiano wetu nao haukuanza juzi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa mwaka 1331, alikwenda Ceylon mwaka 1344 akapanda mlima mtakatifu wa Sri Pada. Majahazi ya Zheng He wa China, yaliyofika Malindi katika karne ya kumi na tano, yalitia nanga pia kisiwani humo, na jiwe aliloliacha huko, lenye tarehe ya mwaka 1409 na maandishi ya Kichina, Kitamil na Kiajemi, limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Colombo. Wareno waliojenga Ngome ya Yesu walijenga ngome pia mjini Galle, wakiufuata mdalasini, ambao kisiwa hicho ndicho asili yake. Na karibu na mji wa Puttalam wako mpaka leo watu wachache wa asili ya Kiafrika, ambao wazee wao waliletwa na Wareno na wageni waliofuata. Kiswahili hawakijui, lakini ngoma zao wanazicheza bado.

Wakati wa kwenda

Jambo la kwanza la kuamua ni mwezi. Hapa mtu wa Afrika Mashariki ana bahati, maana pepo zinazoitawala Sri Lanka ndizo zile zile tuzijuazo, kusi na kaskazi. Kusi huleta mvua Colombo, Galle na upande wa magharibi wa milima, tangu Mei hadi Septemba. Kaskazi hunyeshea upande wa kaskazini na mashariki, hasa Desemba hadi Februari. Basi mwenye likizo ya Januari au Februari na aende Colombo, Kandy na milima ya chai; na mwenye likizo ya Julai na aelekee pwani ya mashariki. Oktoba na Novemba si miezi ya kuchagua, kwa kuwa mvua hunyesha karibu kila mahali na tufani huweza kuja. Mimi nimeandika Januari.

Tena yafaa kuitazama kalenda yao. Kila siku ya mwezi mpevu huitwa Poya; ofisi hufungwa na pombe haiuzwi. Katikati ya Aprili ni mwaka mpya wa Wasinhala na Watamil, na maduka mengi hufungwa.

Karatasi na afya

Mgeni hupaswa kuwa na pasipoti ambayo haijakaribia kwisha muda, na kuomba idhini ya kuingia kwa njia ya mtandao kabla ya kuondoka. Ada na masharti hubadilika, kwa hiyo na aulize karibu na siku za safari, asitegemee maneno ya jirani aliyekwenda zamani. Atokaye Kenya atadaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo yapasa ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Karani mwenzangu mmoja alipokwenda nchi nyingine aliikumbuka chanjo siku ya tatu kabla ya ndege, akapoteza nauli yake.

Juu ya malaria kuna habari ya kututia wivu. Mwaka 1963 Sri Lanka ilipata wagonjwa 17 tu katika nchi nzima. Watu wakadhani vita vimekwisha, wakalegeza mikono. Ugonjwa ukarudi kwa nguvu, na kufikia miaka ya 1968 na 1969 walihesabiwa mamia ya maelfu. Wakaanza upya kwa subira, na mwezi wa Septemba 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba kisiwa hakina malaria tena. Mbu wenyewe hawajatoweka. Kilichotoweka ni vimelea. Maana yake ni kwamba sisi tutokao nchi za malaria twaweza kuwarudishia adui yao ndani ya damu yetu. Basi mimi nitapimwa damu kabla ya kuondoka, na nikishikwa na homa nikiwa huko nitakwenda hospitali siku hiyo hiyo na kusema nimetoka wapi. Kadhalika kuna homa ya dengi, ambayo mbu wake huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Njia na mambo ya kuona

Ndege nyingi za kutoka Nairobi hupitia miji ya Ghuba, kama Dubai au Doha. Ukifika Colombo utaisogeza saa yako mbele kwa saa mbili na nusu. Magari hupita upande wa kushoto kama kwetu, na tuktuk ni nyingi. Mpatane bei kabla hujapanda.

Kutoka Colombo nitapanda gari la moshi. Reli ya kwenda Kandy ilimalizika mwaka 1867, na mwaka 1924 njia ya milimani ikafika Badulla. Kituo chake cha juu kabisa, Pattipola, kiko mita 1,898 juu ya bahari. Aliyepita Timboroa atatabasamu, maana reli yetu hupanda juu zaidi. Lakini yasemekana kule gari hupita katikati ya chai kwa saa nzima, na abiria husimama mlangoni kupunga upepo. Mvua kubwa huleta maporomoko ya ardhi katika milima hiyo, hivyo yapasa kuuliza kwanza kama njia i wazi.

Sasa nije kwenye chai. Zamani kisiwa hicho kilikuwa cha kahawa. Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ulionekana, na katika miaka iliyofuata mashamba yakafa. Lakini Mskochi mmoja, James Taylor, alikuwa amekwisha kupanda ekari 19 za chai pale Loolecondera mwaka 1867, na jaribio lile dogo ndilo lililoiokoa nchi. Mnada wa chai wa Colombo ulianza mwaka 1883. Leo ni mwenzake na mshindani wake mnada wa Mombasa.

Msomaji asidhani kwamba yote yalikuwa mazuri. Wachumaji wa mashamba makubwa ni wajukuu wa Watamil walioletwa kutoka India ya kusini. Sheria ya mwaka 1948 iliwanyima wengi wao uraia wa nchi ambayo jasho lao liliijenga, na shauri hilo halikumalizwa sawasawa mpaka sheria ya mwaka 2003. Nami nikinywa chai yao nitalikumbuka hilo. Tena mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku mbolea za kiwandani kwa ghafula. Mavuno ya mpunga na chai yalianguka, na amri ikaondolewa kabla mwaka haujaisha. Mwaka 2022 fedha za kigeni zilikwisha, watu wakapanga foleni siku nyingi kwa ajili ya mafuta, na Rais akaikimbia nchi. Mkulima ajuaye jinsi majani ya chai yanavyongoja mbolea hahitaji kufundishwa somo hilo.

Adabu

Mgeni ni adabu. Hekaluni vua viatu na kofia, funika mabega na magoti. Usipigwe picha ukiipa mgongo sanamu ya Buddha. Kwao ni dharau kubwa. Kula kwa mkono wa kulia. Chakula ni wali na mchuzi wa nazi wenye pilipili nyingi, na kuna mkate wa unga wa mchele na nazi ambao mtu wa Pwani atauita ndugu wa vibibi. Salamu ya Kisinhala ni "Ayubowan", yaani uishi siku nyingi.

Jawabu la baba

Niliyoyasoma juu ya chai sikuona yamgeuze baba. Kilichomgeuza kilikuwa habari za maji.

Upande wa kaskazini ya katikati ya kisiwa ni nchi kavu, na mvua yake kubwa huja msimu mmoja. Hata hivyo palikuwa na miji mikubwa huko, Anuradhapura na Polonnaruwa, kwa sababu watu wake walijifunza kuyalimbika maji. Katika karne ya tano mfalme Dhatusena alijenga bwawa la Kala Wewa, na mfereji wake uendao Anuradhapura, katika sehemu ya mwanzo, huteremka kama sentimita 10 tu kwa kila kilomita. Mfalme Parakramabahu wa kwanza, aliyetawala tangu mwaka 1153 hadi 1186, husimuliwa kwamba aliagiza hata tone moja la mvua lisiende baharini kabla halijamfaa binadamu. Na si ya wafalme tu: vijijini kuna vibwawa vilivyopangwa katika bonde moja, cha juu kikinywesha mashamba na maji yabakiyo yakishukia cha chini yake.

Nilimsomea baba haya jioni moja. Ni lazima nieleze kwamba katika kiangazi kilichopita miche yetu mipya ya chai ilikauka karibu nusu, hali mvua ya msimu uliotangulia ilikuwa imeshuka mteremkoni mbele ya macho yetu mpaka mtoni. Baba alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na wewe mwanangu mwenye kusoma, paa la nyumba yako lina mfereji?"

Halikuwa nao. Basi nimetoa sehemu ya akiba, nikatia mabati mifereji, nikanunua tangi, na tumechimba kidimbwi juu ya miche. Safari ya Januari hii imekwenda hadi Januari ijayo. Sikufurahi, nasema kweli. Ramani ingali ukutani, na kila nikiitazama moyo huniuma kidogo. Lakini sasa baba haulizi tena juu ya ng'ombe wawili. Ameniagiza nikifika Kala Wewa nipime kwa hatua upana wa ukingo, nimletee hesabu.

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mimi ningali nimekaa, nami nimekwisha kuokota tangi moja. Mungu akipenda nitakwenda, nami nitawaandikia.