Baraza la Hukumu la Klungkung

Kwetu kesi huamuliwa barazani mbele ya wazee, pengine chini ya mwembe tu. Huko Bali, kisiwa cha nchi ya Indonesia, liko baraza ambalo mshitakiwa akiinua macho aliiona jehanamu juu ya kichwa chake.

Jina lake ni Kerta Gosa. Lipo mjini Semarapura, katika wilaya ya Klungkung, kwenye pembe ya ua wa jumba la mfalme, hapo penye njia panda ya katikati ya mji. Lilijengwa katika karne ya 18. Si kubwa, wala halina kuta. Ni jukwaa refu la matofali na mawe, nawe walipanda kwa ngazi. Juu yake zimesimama nguzo za mti zilizobeba paa. Hapo waliketi makuhani wa Kibrahmana, wakasikiliza mashauri yaliyowashinda wazee wa vijiji.

Walakini utajiri wa baraza hili uko darini. Dari yote imejaa picha, safu juu ya safu. Safu ya chini ni hadithi za Tantri, ambamo wanyama husema na kudanganyana kama sungura na fisi wetu. Juu yake yaanza safari ya Bima. Mama yake, Kunti, alimtuma kuzimu akazitoe roho za baba yake Pandu na za Madri, mke mwenzake. Bima akaenda, na watumishi wake wawili nyuma yake. Huko wakosefu wanakatwa kwa msumeno, wengine wanachemshwa katika chungu kikubwa, na chungu hicho Bima anakipindua! Safu nyingine yaeleza maana ya matetemeko ya nchi, maana Bali ni kisiwa cha volkeno. Kisha zafuata mbingu, na kileleni kabisa ua la yungiyungi.

Kwa maoni yangu mchoraji alikuwa na huruma. Hakumwonyesha mshitakiwa adhabu peke yake, bali na mtoto aliyekuja kuwatafuta wazee wake.

Tarehe 28 Aprili 1908 askari wa Kiholanzi walifika na mizinga. Mfalme, Dewa Agung, hakukubali kusalimu amri. Alitoka na jamaa zake, wake kwa waume, wenye majambia na mikuki, wakaziendea bunduki. Watu wapata 200 walikufa. Wabali huita jambo hilo puputan, yaani kumaliza. Jumba likabomolewa, likabaki lango kubwa la matofali, baraza letu hili, na jirani yake Bale Kambang, lililosimama katikati ya bwawa. Nao Waholanzi wakaacha kesi ziendelee kukatwa chini ya picha zile zile hata mwaka 1942.

Picha za kwanza zilichorwa juu ya nguo, na nguo huoza. Mwaka 1930 zikachorwa upya juu ya mabamba ya saruji na asbesto, na mwaka 1960 tena. Wachoraji walitoka Kamasan, kijiji kilicho karibu na mji, ambako hata leo watoto hujifunza kazi hiyo kwa wazazi wao.