Kaboni au aluminiamu? Baiskeli ya umeme ya kupandia Bungu

Wandugu, wiki hii siasa zipumzike kidogo. Nina jambo la kifamilia lililonikosesha usingizi kuliko bajeti ya serikali, na nadhani wengi wenu wenye ndugu ughaibuni mtalitambua.

Binamu yangu anaishi Hamburg. Kaamua kumtumia dada yangu baiskeli ya umeme, zile za milimani, zenye matairi manene na mota pale kwenye pedeli. Dada ni mhudumu wa afya ya jamii kwetu Bungu, wilaya ya Korogwe. Ukiwa Korogwe mjini, kule chini kwenye tambarare ya mto Pangani, inua macho uangalie Usambara. Kwetu ni huko. Kitongoji kimoja kiko mgongoni mwa mlima, kingine kiko bondeni, na katikati ni udongo mwekundu ambao wakati wa masika unageuka sabuni. Dada hutembea. Akizidiwa hupanda bodaboda kwa pesa yake mwenyewe, na kuna miezi nauli inameza karibu posho yote.

Binamu kapata baiskeli mbili za mtumba. Mota ileile, betri ileile ya wati-saa 500. Tofauti ni fremu: moja ya kaboni, nyingine ya aluminiamu. Ya kaboni imezidi bei kwa euro 900, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili za kwetu. "Mwandishi wa habari ni wewe," kaniandikia. "Fanya utafiti uniambie nilipie ipi. Mimi naona tumpe dada kilicho bora."

Haya, tuanze na vitu vyenyewe.

Aluminiamu mnaijua, ndiyo sufuria zenu. Ya fremu siyo tupu, imechanganywa na madini mengine kama magnesiamu na silikoni ili ikaze. Uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma. Kaboni nayo ni binamu wa zile boti za faiba mnazoziona pwani: nyuzi nyembamba zinalazwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na gundi inayokauka ikawa ngumu. Ni nyepesi kuliko aluminiamu na ina nguvu ya ajabu ule upande nyuzi zilikolala.

Kwa hiyo kaboni ndiyo bora? Inategemea bora kwa nani. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Tadej Pogačar alishinda mbio za wanaume za zaidi ya kilomita 260, vilima vya Kigali juu chini, juu chini. Kule kila gramu ni hoja, na wote wanaendesha kaboni. Lakini mliona nyuma ya wale vijana kuna nini? Magari, na juu ya paa baiskeli za akiba. Fremu ikipasuka, unashuka, unapewa nyingine, unaendelea.

Nikachukua kalamu nikapiga hesabu ya Bungu. Baiskeli hizi za umeme za milimani zina kilo 20 hadi 25, maana mota na betri peke yake ni kilo sita au saba. Kati ya hizi mbili za binamu, ya kaboni ni nyepesi kwa kilo moja kasoro. Dada ana kilo 65. Weka mkoba wa kazi, weka chupa ya maji, na siku ya kwenda mashineni weka debe la mahindi. Jumla inapita kilo 100. Hiyo kilo moja kasoro haionekani tena. Mota haitaitambua na miguu ya dada haitaitambua. Siku akisahau mwamvuli nyumbani atakuwa ameokoa nusu yake bure.

Uzito ukaondoka mezani. Likabaki swali ambalo tangazo la baiskeli huwa halijibu: ikivunjika, inakuwaje?

Kaboni ina tabia moja inayonitisha. Ukianguka ikagonga jiwe, kwa nje unaweza kuona mkwaruzo tu, kumbe ndani tabaka zimeachana. Unaendelea kupanda na kushuka, halafu siku moja kwenye mteremko inakatika. Ulaya kuna mafundi wanaoikagua na kuitengeneza, wanafungua palipoumia na kulaza nyuzi upya. Inatengenezeka vizuri tu. Ila fundi huyo kutoka Bungu yuko mbali mno. Halafu kaboni haitaki kukazwa kwa nguvu za mkono. Skrubu nyingi zina kipimo chake na spana maalumu ya kupimia, ukizidisha unaiponda. Nawajua mafundi wetu, wakikaza wanakaza.

Msinielewe vibaya, aluminiamu nayo si malaika. Nilipita kwa fundi mmoja mzee Korogwe, amezeeka na Phoenix za Mchina na zile Swala zilizotengenezwa hapa hapa nchini na NABICO. Shikamoo, marahaba, nikamweleza.

"Mwanangu, chuma kinanipa taarifa," akasema. "Nikikipasha moto kinaanza kuwa chekundu, najua niko wapi. Nakiziba kwa shaba, kesho unabebea mkaa. Hiyo ya sufuria hainiambii kitu. Haibadiliki rangi, unashtukia imedondoka."

Yuko sahihi. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, chuma kinapita 1,400. Na hata ukimpata mwenye mashine ya kuchomelea aluminiamu, pale palipochomelewa panapoteza sehemu kubwa ya uimara mpaka fremu irudishwe kwenye tanuri maalumu, kama kiwandani. Tena aluminiamu huchoka. Mtikisiko mdogo mdogo wa miaka mingi unaiumiza, wakati chuma kikitikiswa chini ya kiwango chake kinaweza kudumu na kudumu. Ningeambiwa nichague kwa moyo ningechukua chuma, ila baiskeli za milimani za umeme zenye fremu ya chuma ni chache mno, na binamu hakuipata.

Aluminiamu inashinda kwa jambo moja: mara nyingi inaonyesha. Ikigongwa inabonyea, ikichoka inaanza kuweka ufa kwenye maungio, na mtu anayeifuta matope kila jioni ana nafasi ya kuuona ufa kabla haujawa msiba. Kwa mtu anayeshuka Usambara peke yake jioni, hilo kwangu lina thamani kuliko wepesi wowote.

Nilikuwa sijamuuliza mwenye baiskeli. Nikampigia dada. Akanisikiliza kwa adabu nikimweleza nyuzi na tabaka, nilipomaliza akasema, "Mdogo wangu, hiyo baiskeli ina keria?"

Sikuwa na jibu. Nikamtafuta binamu, akapiga picha. Ile ya aluminiamu ina matundu ya skrubu nyuma, keria inafungwa. Ile ya kaboni haina tundu hata moja, na kuibana keria kwa vyuma kwenye mabomba ya kaboni ni kutafuta balaa. Baiskeli bila keria, Bungu, ni ya nini?

Binamu hakufurahi. "Yaani kwa kuwa ni Bungu ndiyo tumpe cha bei poa?" Hilo lilinigusa, maana hata mimi sipendi ile dhana kwamba shamba hupelekwa kilichobaki. Nikamjibu hivi: hizo euro 900 zisirudi mfukoni kwako. Nunua betri ya pili, keria ya nguvu, na pedi za breki za kutosha miaka miwili, maana mlima unaopandwa kwa mota unashukwa kwa breki. Betri huchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, na hakuna fundi wa Korogwe atakayeifufua. Kuichaji siyo tatizo, ni kama nusu yuniti ya Luku na chenji kidogo. Kuipata nyingine ndiyo kazi.

Tena asije akafikiri atakuja nayo likizo kwenye begi. Abiria wa ndege haruhusiwi betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na hizi zina 500. Zitakuja kwa meli, zimeandikishwa kama mzigo wa hatari, na karatasi zake kamili.

Juzi kalipia ya aluminiamu. Dada kauliza kitu kimoja tu, kama siti inashuka chini kiasi cha yeye kufika ardhini akiwa na gauni. Inashuka.

Haya wandugu, alamsiki.