Chini ya Ngazi, Mjini Kisumu

Msafiri atokaye pwani kwenda Kisumu hupewa wosia wa namna moja: ale ngege wa kukaanga kando ya ziwa, apande mashua Dunga, na arudi na omena waliokauka vizuri. Hatuna neno na wosia huo, na sehemu yake kubwa tuliitimiza. Lakini safari hii, ndugu wasomaji, ilikuwa ya haja ya nyumba. Jamaa zetu waishio huko walikuwa na shauri la ujenzi lililowagawa, nalo lilihusu ngazi: izibwe au iachwe wazi, na ile nafasi iliyo chini yake itumiwe kwa nini. Huenda likaonekana jambo dogo la kumsafirisha mtu kilomita zaidi ya 800. Ila nyumba nyingi zina shauri kama hilo, kule na kwetu pia, nasi twaona lastahili kuandikwa.

Mji wenyewe ni mahali pazuri pa kuanzia. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ufuoni mwa ziwa Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence. Wafanyabiashara wa Kihindi wakafuata, wakajenga nyumba za duka chini na maskani juu, na baadhi yake zingali zimesimama katika barabara iitwayo leo Oginga Odinga. Tulipita pale asubuhi, kabla joto la ziwa halijapanda, tukiangalia kile ambacho wapita njia hawakiangalii. Ngazi za nyumba hizo aghalabu hazionekani. Zimebanwa kati ya kuta mbili, na mlango mwembamba ndio unaotazama barabara. Mnunuzi anaingia dukani, anapima kitambaa, anapatana bei, anaondoka, asijue juu ya kichwa chake wanaishi wangapi. Na pale chini ya vidato, penye pembe tatu ambayo mtu mvivu angeiachia buibui, tulimkuta fundi wa kushona na cherehani yake, kiti chake kikiwa penye urefu wa kutosha na marobota ya vitambaa yakiwa yamesukumwa kule ngazi inakoinama. Hakuna shubiri iliyopotea. Jirani yake alikuwa wakala wa M-Pesa, naye dirisha lake lilikuwa na upana wa kidato kimoja.

Wazee wetu wa Lamu waliliona jambo hili mapema zaidi. Katika nyumba zao za mawe mgeni alipokelewa penye daka, na aliyelala alipewa chumba karibu na mlango ili asipite ndani. Njia ya kuingilia ilipindwa makusudi, kona ikalikata jicho kabla halijafika kwa watu wa nyumba. Hata mnara wa msikiti, ukiufikiri, ni ngazi iliyovishwa ukuta. Nyumba mpya za miji yetu zimefuata njia nyingine. Huko Milimani, na katika vilima vya Riat ambako ziwa lote laonekana kama sinia, zimejengwa nyumba za ghorofa moja ambazo ngazi yake yaanzia katikati ya sebule, bila ukuta, na vyuma vya pembeni vinang'aa. Ni pambo la kumwonyesha mgeni, na hatukatai kwamba linapendeza. Tatizo ni kwamba mgeni aliyeketi kwenye kochi huona kila anayeshuka, na akiinua macho huona milango ya vyumba vya kulala. Sura ya An-Nur, aya ya 27, yatufundisha kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba ya mwenzetu, na aya ya 58 yataja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani hutaka ruhusa: kabla ya alfajiri, wakati wa kupumzika adhuhuri, na baada ya isha. Ngazi ya wazi haina hodi. Mke wa binamu yetu alituambia kwamba kwa miaka sita amekuwa akivaa baibui ili ashuke kunywa maji katika nyumba yake mwenyewe, kila mumewe akiwa na wageni.

Basi juu ya kuziba hapakuwa na ugomvi mkubwa. Waliafikiana kujenga ukuta upande wa sebule hadi darini, na mlango penye kidato cha kwanza. Fundi mwashi, Mjaluo wa makamo mwenye maneno machache, aliongeza mambo mawili ambayo twaona yafaa yajulikane. La kwanza ni hewa. Kisumu iko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, lakini mchana wake una joto zito, na ngazi ya wazi hufanya kazi ya bomba: joto la chini hupanda na kutokea madirisha ya juu. Ukiiziba kabisa, sebule huwa tanuri. Kwa hiyo aliacha safu mbili za matofali yenye matundu karibu na dari, juu ya kimo cha jicho, hewa ipite na macho yasipite. La pili ni mwanga. Ngazi iliyozibwa bila taa ni shimo, na mzee huanguka shimoni mchana kweupe. Akaweka swichi mbili, moja chini na moja juu, taa ile ile iwashwe na kuzimwa kutoka pande zote mbili. Mlango wa chini una faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii: moto ukitokea sebuleni au jikoni usiku, mlango uliofungwa huuchelewesha moshi kupanda kwenye vyumba vya waliolala.

Ugomvi ulikuwa chini ya ngazi.

Shangazi yetu, Bi Mkubwa wa nyumba hiyo, magoti yamemchoka. Kwa muda amekuwa akilala kwenye godoro sebuleni, kwa sababu chumba pekee cha chini kilikuwa stoo: masanduku, magodoro ya wageni, masufuria makubwa ya harusi ambayo jamaa nzima huazima, mtungi wa gesi wa akiba, na galoni ya petroli ya jenereta. Akiamka usiku kutawadha hupita mbele ya wajukuu. Mgeni akija mapema, godoro lake hukunjwa harakaharaka, naye hukaa pembeni kama aliyefika kwa basi la usiku. Binamu yetu alitaka chini ya ngazi pawekwe rafu za vitabu na televisheni, kama alivyoona katika picha. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sitaki kiti kizuri zaidi. Nataka mlango wa kufunga." Baada ya hapo hesabu ilikuwa moja tu: je, vilivyomo stooni vyaweza kuhamia chini ya ngazi, ili chumba kipewe mwenye haki nacho?

Fundi alipima kwa uzi. Ngazi ile yapanda mita 3 kwa hatua 17, kila moja kimo cha sentimita 17 na nusu hivi, na pa kukanyaga pana sentimita 25, hivyo hutambaa mita 4 sakafuni. Upana wake ni sentimita 90. Ukizidisha na kugawanya kwa mbili wapata mita za ujazo zipatazo 5.4 chini yake, na hapo hujatoa unene wa zege. Ni nyingi kuliko jicho linavyodhani, lakini mtu mzima aweza kusimama katika mita moja na robo ya mwisho tu. Kwingine kote ni kuinama, na kule mwisho ni kutambaa. Fundi akashauri pagawanywe sehemu tatu. Upande mfupi, droo ndefu za kuvutwa kutoka ubavuni, kwani kabati la kina kirefu penye dari ya chini humeza vitu visionekane tena. Katikati, rafu za masufuria. Upande mrefu, mlango kamili na nafasi ya masanduku na magodoro yaliyosimamishwa. Fremu iwe ya mbao, kwa kuwa ukuta ule haubebi ngazi, wala zege isitobolewe kwa patasi kutafuta rafu, maana nondo ziko karibu na uso wa chini. Na mbao zenyewe zipakwe dawa na ziinuliwe juu ya matofali, kwani mchwa hawana subira.

Lilikuwepo pia pendekezo la choo. Wengi hukiweka pale, na ni busara nyumba ikiwa na wazee. Lakini choo chataka maji na bomba la kutokea, na chataka kuangaliwa kinaelekea wapi. Sisi wa Mombasa tumezoea kibla kilicho karibu sawasawa kaskazini. Kisumu kiko magharibi zaidi, na kibla chake huinama nyuzi 13 hivi kuelekea mashariki. Ngazi ile ilipanda kutoka kaskazini kwenda kusini, na nafasi ya upana wa sentimita 90 hairuhusu bakuli la choo kukaa kwa upande. Kingekuwa ama kinaelekea kibla ama kinakipa mgongo. Bi Mkubwa akakataa, na choo kikabaki kilipokuwa, hatua nane kutoka chumba chake kipya. Alikataa pia misahafu isiwekwe chini ya vidato ambavyo miguu hupita juu yake. Hiyo ni adabu ya nyumba yao, na hakuna aliyebishana.

Kulibaki mtungi na petroli, na hapa tutasema kwa ukali kidogo. Binamu yetu alikwisha kuvihesabu miongoni mwa vitu vya kuhamishwa. Fundi aliweka uzi chini akamgeukia Bi Mkubwa: "Dani, hapa sitajenga ikiwa gesi itaingia." Alikuwa na haki. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani, hushuka na kutuama pembeni mwa sakafu, na pembe iliyozibwa chini ya ngazi ndiyo mahali pake hasa. Cheche ya swichi yatosha. Mvuke wa petroli una tabia hiyo hiyo. Na moto ukianza pale, wote walio ghorofani huwa hawana njia, kwa kuwa njia yao ndiyo inayoungua. Tofauti ya ngazi na kabati la kawaida ni hiyo, na yapasa kila mwenye nyumba aipime kabla ya kununua bawaba. Mtungi ulihamishiwa nje, katika kizimba cha chuma chenye kivuli na matundu, na bomba likapitishwa ukutani hadi jikoni. Jenereta ikapata kibanda nyuma, na petroli yake ikakaa huko huko.

Jambo la mbu ni fupi. Kanda ya ziwa ni ya malaria, na mbu hupenda kupumzika mahali penye giza, tulivu, penye unyevu. Matundu ya hewa ya kabati yawekwe wavu, na kila Ijumaa vitu vitolewe pafagiliwe.

Kazi ilikwisha kwa siku tisa. Adhana ya alasiri ya Msikiti wa Jamia, ambao umekuwapo mjini tangu 1919, ilimkuta seremala akigeuza mlango wa kabati refu ufungukie nje na komeo lifunguke kutoka pande zote mbili. Watoto hujificha humo, alisema, na mtoto aliyejificha hukawia kupiga kelele. Bi Mkubwa alihamia chumba chake jioni ile, akafunga mlango, na hatukumwona mpaka wakati wa kula.

Kabla ya kuondoka tulipita Manyatta na Kondele, tukaingia katika ploti kadhaa za kupangisha zenye ngazi moja ya zege kwa familia nyingi. Karibu kila moja ilikuwa na pikipiki chini ya ngazi, mahali pengine nne au tano, zimelazwa humo kila usiku kwa hofu ya wezi. Hatuwalaumu wenye pikipiki. Bodaboda ndiyo mkate wa nyumba. Lakini matangi yana petroli, na juu yake wamelala watoto. Mwenye ploti anayepokea kodi ya milango 20 hawezi kushindwa na kibanda cha mabati uani. Katika ploti moja tu tulikuta limefanyika: mlinzi na wapangaji walikuwa wamechimbia chuma katika zege kando ya ukuta wa ua, mbali na ngazi, na kila usiku hupitisha mnyororo mmoja katika magurudumu yote, wakafunga kwa kufuli moja. Ufunguo hukaa kwa mlinzi, na anayetoka alfajiri humwamsha.