Kangaja Mgeni

Kangaja wa samawati ni samaki wa miamba ya matumbawe katika Bahari ya Hindi. Uso wake ni mweusi, na pezi la mgongoni ni la manjano. Karibu na mkia, kila ubavu, ana mwiba mmoja mkali kama wembe. Samaki huyu ndiye aliyenifundisha, kwa hasara, namna ya kumhamisha samaki wa baharini.

Nilikuwa nikiishi Mombasa, nami nilikuwa na tangi kubwa la kioo lenye samaki sita. Siku moja mvuvi mwenye leseni aliniletea kangaja ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa pupa ya ujana nilimtoa kwa wavu, nikamtia moja kwa moja miongoni mwa wenzake. Mwiba wake ulinasa katika nyuzi, naye akajeruhiwa alipojinasua. Baada ya juma moja niliona punje nyeupe juu ya ngozi yake, mithili ya chembe za chumvi. Haukupita muda, samaki wote walikuwa nazo, wakihema kwa shida. Wote saba walikufa.

Punje zile zilikuwa vimelea. Kimelea huyu hujichimbia ndani ya ngozi ya samaki na katika matamvua, hula na kukua kwa siku chache, kisha hudondoka. Chini ya tangi hujifungia ndani ya ganda, hugawanyika mara nyingi, na hatimaye watoto wake, pengine mamia, hutoka kutafuta samaki. Wasipompata kwa siku moja au mbili, hufa. Lakini maganda mengine hukawia sana kupasuka. Kwa hiyo niliacha tangi langu bila samaki hata mmoja kwa miezi miwili na nusu.

Mara ya pili nilitayarisha kwanza tangi dogo la karantini. Halikuwa na mchanga wala mawe, ila kifaa cha kupuliza hewa na kipande cha bomba, ili mgeni apate pa kujificha. Maji niliyateka baharini, yakakaa siku nyingi katika ndoo zilizo wazi. Nilidhani ni yale yale. Kumbe maji yalikuwa yamepaa kama mvuke, chumvi ikabaki! Haidromita, yaani kile chombo cha kioo kinachoelea, ilisoma 1.029, hali ya bahari ni yapata 1.025. Damu ya samaki ina chumvi kiasi cha theluthi moja tu ya ile ya bahari. Bahari humnyonya maji daima, naye hunywa maji ya bahari ili kufidia. Akitiwa ghafula katika chumvi kali zaidi, hulemewa. Basi niliongeza maji matamu kidogo kidogo mpaka ikasoma 1.025.

Mfuko ulipofika, nilitaka kuufungua papo hapo. Mvuvi akanizuia.

"Ngoja, mwanangu," akasema. "Ukishafungua, usikawie tena."

Alisema kweli. Ndani ya mfuko samaki hutoa hewa ya ukaa na amonia. Hewa ya ukaa huongeza asidi katika maji, na amonia haidhuru sana. Mfuko ukifunguliwa, hewa ile hutoroka, na amonia hugeuka sumu kali. Tuliuacha mfuko uelee dakika 20, ungali umefungwa, ili joto lilingane. Kisha tulimmimina kangaja polepole katika chujio la plastiki juu ya ndoo, mwiba wake usipate pa kunasa, na mara tukamshusha tangini. Maji ya mfuko tuliyamwaga. Tangi tulilifunika kwa nguo, maana samaki mwenye hofu hutulia gizani.

Asubuhi ya pili niliona punje moja nyeupe juu ya pezi lake. Moyo ulinipasuka. Hata hivyo, kimelea aliyedondoka huhitaji zaidi ya siku tatu kabla ya kutoa watoto. Nikapata tangi dogo jingine, na kila siku tatu zilipotimia nilimhamisha kangaja kwa chujio lile lile, katika maji mapya ya 1.025. Tangi alilotoka nililiosha na kulianika juani mpaka likakauka kabisa. Nilifanya hivyo mara nne. Punje hazikurudi.

Nilimweka peke yake majuma mengine manne. Alipoingia katika tangi kubwa, alilizunguka mara mbili, kisha akaanza kukwangua mwani juu ya mawe.