Runinga ya Marehemu Baba

Runinga aliyotuachia marehemu baba ilikuwa imefifia. Jirani alinishauri niitupe. Nikakataa, kwani kioo chake kina madini ya risasi, sumu kwa udongo na maji ya mtaa mzima. Nilipotaka kuifungua mwenyewe, fundi wetu hapa Kampala alinizuia: “Mwalimu, kuchomoa waya ukutani hakutoshi. Ndani ya kioo hiki huweza kubaki umeme wa maelfu ya volti.” Akaunganisha bisibisi na fremu kwa waya, akauondoa umeme uliojificha, ndipo akapangusa vumbi. Alipoiwasha, alirekebisha mwangaza taratibu hata picha ikang'aa kupitia king'amuzi. Mama akatabasamu. Wanafunzi wangu, kimya kingi kina mshindo mkuu: tusiguse tusichokijua, wala tusiwatupie majirani sumu yetu.