Kilomita 21 za Nasaba



Makala zilizotangulia zimeeleza habari za wazee wetu waliotoka Hadhramaut kwa jahazi, wakaletwa na kaskazi hadi Unguja na Pemba. Leo naandika juu ya safari ya miguu. Baada ya miaka mingi ya kukalia kiti cha ukarani, nimehamia Doha kwa mwanangu, na hapa ninajiandaa kwa mbio za nusu marathoni pamoja na mjukuu wangu wa miaka 17. Wengi mmeniuliza kwa simu: mzee wa umri huu hupata wapi himma ya kukimbia karibu saa tatu katika nchi ya joto kama hii?

Joto la Doha si la kufanyiwa mzaha. Mwaka 2019, marathoni ya wanawake ya Mashindano ya Dunia ya Riadha ilianzishwa hapa Corniche karibu na saa sita ya usiku, tarehe 27 Septemba, ili kulikwepa jua. Hata hivyo joto lilizidi nyuzi 30, na unyevu wa hewa ulipita asilimia 70. Walioanza walikuwa 68. Waliomaliza ni 40. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia saa 2:32:43, ilhali Januari ya mwaka uleule alikimbia Dubai kwa 2:17:08. Wa tatu alikuwa Helalia Johannes wa Namibia, mwenye umri wa miaka 39. Ikiwa bingwa alirefusha muda wake kwa robo saa ili afike, mimi ni nani wa kushindana na hewa? Mwenda pole hajikwai.

Sisi hukimbia kila Ijumaa, mara baada ya sala ya alfajiri. Corniche ina urefu wa kilomita 7 hivi. Kwenda, kurudi na kwenda tena ni 21. Kipimo chetu cha mwendo ni ulimi: maadamu mtu aweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo ni wa sawa. Basi ikatubidi tuwe na la kusema. Mjukuu wangu amezaliwa huku. Kiarabu na Kiingereza anavisoma skuli, lakini Kiswahili chake ni cha salamu na chakula. Nikaweka sharti kwamba njiani ni Kiswahili tu.

Nasaba yetu iliyoandikwa ina majina 12. Nikaigawa njia: kila kilomita jina moja, na habari zake. Huyu aliuza papa mkavu, yule alisomesha watoto chini ya mwembe, mwingine alikuja na kaskazi akakataa kurudi na kusi. Tulipozipita jahazi zilizofungwa gati, nilimwonyesha foromali na tanga, naye akayarudia maneno hayo huku akihema. Akili inapomshughulikia mzee mmoja kwa kilomita moja, haina nafasi ya kuzihesabu zilizobaki.

Kilomita ya 12 majina yakatuishia, na hapo ndipo miguu huanza kuwa mizito. Tukaenda kimya. Kisha kijana akauliza, "Babu, kwani hao wote hawakuwa na mama?"

Swali hilo lilinichoma. Karatasi ya nasaba huandika fulani bin fulani, na desturi hiyo ni ya kale. Lakini waliofika kwa jahazi walikuja na Kiarabu. Kiswahili ninachomrithisha kijana huyu sikupewa na wao. Nilipewa na mama yangu, naye alipewa na mama yake, mwanamke wa Wete. Nikamtajia hao wawili, na kilomita ya 13 na ya 14 zikapita.

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi jioni humpigia simu dada yangu mkubwa, aliyeko Pemba, kumwomba jina jingine. Amekwisha kunipa mawili. Ana miaka zaidi ya 80, na siku nyingine hunisahau hata mimi. Ndiyo sababu siwezi kubaki kitandani Ijumaa, hata goti likiuma: kijana amesimama mlangoni na viatu vyake, anataka kujua nani wa wiki hii. Kilomita ya 16, ambayo zamani ningeikimbia kwa kuburura miguu, sasa naifikia kwa hamu, maana hapo namtaja mtu ambaye hajatajwa kwa muda mrefu.

Mbio ni Januari. Zimebaki kilomita 5 zisizo na jina. Ewe jamaa yangu uliyeko Unguja, Mombasa, Muscat au kwingineko, ukiwa na jina la bibi mmoja wa ukoo wetu, hata la utani, na jambo moja alilopenda kulifanya, niandikie kabla ya Alhamisi.