Zamu yangu ya kuongoza, na zabibu za Dodoma

Wengi mmeniuliza: "Hivyo kule Dodoma unasomea nini hasa? Na huo uongozi unasomwaje?" Leo nawajibu, maana somo lenyewe lilinifika mpaka kwenye dini yangu, na nyinyi mabibi harusi watarajiwa mna fungu lenu humu.

Nasoma shahada ya uzamili ya biashara. Nimepanga chumba Kikuyu, upande wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, pale ilipokuwa skuli ya Mazengo zamani. Chuo changu si hicho, ila mtaa ndio huo. Sisi watu wa kisiwani tukifika huku ukavu unatushangaza: midomo inapasuka, mafuta ya nazi unayapaka hadi puani. Afadhali safari imekuwa nyepesi tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024.

Siku ya kwanza ya somo la uongozi mwalimu alitutajia watu wawili tu. Mmoja ni Mwingereza Reg Revans, aliyewakutanisha mameneja wa migodi ya makaa ya mawe wafundishane kwa kuulizana maswali kuhusu shida zao za kweli. Wa pili ni Mmarekani David Kolb, ambaye kitabu chake cha mwaka 1984 kinaeleza kwamba mtu hujifunza kwa kutenda, kutafakari alichotenda, kupata fikra mpya, kisha kuijaribu tena. Akafuta ubao. Tukagawiwa vikundi vya watano watano, kila kikundi kikapewa biashara ndogo ya kweli kwa wiki kumi, na kila mmoja wetu aongoze wiki mbili. Ijumaa jioni tunakaa duara, aliyeongoza anaulizwa maswali. Kumpa ushauri hairuhusiwi. Shoga zangu, kunyamaza na ushauri unao mdomoni ni kazi!

Hapa nimkumbuke Bibi Khadija (r.a.). Alikuwa mfanyabiashara, na kabla ya kuposana na Mtume (s.a.w.) alimkabidhi mali yake aende nayo Sham, akamtuma na mtumishi wake Maysara. Maysara aliporudi alieleza alichokiona njiani. Sisi siku hizi tunauliza tu "kijana ana tabia nzuri?" na wote wanajibu ndiyo. Muulizeni aliyefanya naye kazi, aliyemkopesha, aliyesafiri naye.

Turudi Dodoma. Kikundi chetu tulipewa kina mama wanaolima zabibu kijiji cha nje ya mji. Zabibu huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zamu yangu iliangukia mavuno ya Agosti na Septemba. Zikiiva zimeiva zote, haziwekeki, bei inashuka siku hadi siku. Akaja mnunuzi anayetaka mzigo wote kwa mara moja. Anapeleka kwenye mvinyo. Na wa kukaa naye mezani kujadili bei ni kiongozi wa wiki ile, yaani mimi.

Usiku ule nilimpigia ustadhi wangu Unguja. Akaniambia nisiandike, nisijadili, nisishike hata kalamu ya mkataba ule. Sawa, mimi nimepona. Na wale kina mama? Ada za watoto zao ziko kwenye zile zabibu, wengi wao ni Wakristo, na shamba ni lao. Sikuwa na haki ya kuwaharibia soko kwa sababu ya msimamo wangu, wala sikutaka kujifanya naumwa ili nikwepe.

Asubuhi niliwaambia mbele ya wote: kina mama, dini yangu hainiruhusu kuuza zabibu za mvinyo. Mwenzangu huyu atasimama na nyinyi kwa mnunuzi, na hesabu zote za gharama tulizozifanya anazo. Mimi nitakaa na yeyote anayetaka kujaribu njia nyingine. Kimya. Kisha mama mmoja mtu wa Kondoa, Muislamu mwenzangu, akanyanyua mkono. Wakamfuata wawili.

Ijumaa yake maswali yalikuwa makali. Mmoja aliuliza: "Kiongozi akiondoka mezani, bado anaongoza?" Nilimjibu kwamba meza haikubaki tupu hata dakika moja, na kila mtu alijua kwa nini aliyekaa ni yule. Hakuridhika, na mpaka leo tukionana tunabishana.

Wale watatu tulianza kukausha. Agosti Dodoma hakuna mvua, jua kali na upepo, tukatandaza juu ya vichanja na kufunika kwa neti dhidi ya nyuki. Kilo nne za zabibu mbichi zinakupa kama kilo moja tu ya kavu, kwa hiyo bei lazima ipande au umetwanga maji. Nilibeba kilo tisa nyumbani. Rafiki yangu aliyekuwa anaolewa alichukua tano, akazifunga kwenye vifuko vya kuwapa wageni wake. Nyingine zikaenda kwenye tambi na pilau. Mama yangu alitafuna moja, akasema: "Tamu, lakini mbegu hizi zitawavunja wageni meno." Kweli, aina ile ni ya mvinyo, ina mbegu, na zabibu kavu za madukani Darajani hazina.

Nilimfikishia mwenyekiti wa kina mama maneno hayo kama yalivyo. Mwezi uliopita kanipigia: amekwenda kituo cha utafiti cha Makutupora kuulizia miche isiyo na mbegu. Mzabibu hauzai kesho, na mavuno ya Februari na Machi yanakutana na mvua, kwa hiyo tunapiga hesabu ya Agosti. Anataka kujua duka la Unguja linanunua kilo kwa bei gani kwa jumla. Nimemtuma mdogo wangu Darajani akaulize, na nyinyi mlio na maduka niandikieni.